Ukitikisa ukasikia sauti, hujafunga

Kwa miezi mitano mama huyo wa Magomeni, Dar es Salaam, hakuigusa mashine ya bintiye. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa khanga kuukuu, na kila alipoingia kufagia chumba alipita pembeni yake bila kuitazama, kama mtu anayemkwepa jirani aliyemvunjia heshima.

Mashine yenyewe ni ya kupigia muziki. Ma-DJ wanaiita kontrola. Ni ubao mrefu wenye sahani mbili za kuzungusha kwa vidole, vitufe vya taa na vishikio vidogo vya kusukuma juu na chini. Huunganishwa na kompyuta mpakato, na hapo ndipo DJ anapoweza kuutoa wimbo mmoja na kuuingiza mwingine bila wachezaji kusimama. Ilinunuliwa kwa mtu, imeshatumika, kwa Sh2.6 milioni. Fedha hizo zilikuwa mkopo wa mama kutoka kwenye kikoba chake.

Binti ana miaka 26. Alianza kwa kupiga muziki kwenye singo na kicheni pati za mtaani, akaendelea hadi kumbi za Sinza na Kinondoni. Sherehe za wanawake zina mambo yake. Kina mama wanataka kufunga khanga kiunoni na kucheza watakavyo, na wengi hawapendi kufanya hivyo huku mwanamume akiwakodolea macho kutoka nyuma ya mashine. DJ wa kike anayejua taarabu ya zamani na singeli ya leo hakosi kazi. Kilichomkosesha amani ni safari moja tu.

Safari ya Mwanza

Aliitwa Mwanza kupiga muziki kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, mwenye shughuli alimkatia tiketi ya ndege. Alikuwa hajawahi kupanda ndege na mashine. Aliizungushia taulo mbili, akailaza katikati ya begi la nguo, juu yake akaweka chaja ya kompyuta, waya na viatu vya sherehe. Uwanjani aliomba kibandiko chenye picha ya glasi, kile cha kuonyesha kuwa ndani kuna kitu cha kuvunjika. Akakibandika mwenyewe, akaondoka ameridhika.

Alipofungua begi Mwanza, sahani moja ilikuwa na ufa na kishikio cha katikati kilikuwa kimepinda, hakiendi kushoto wala kulia. Usiku ule alipiga muziki kwa simu. Nyimbo zilikatika, bibi harusi aliingia ukumbini kimya kikiwa kimetanda, na mwenye shughuli akamlipa nusu. Fundi wa Kariakoo alimtoza Sh320,000 kubadilisha kishikio. Ufa wa sahani ukabaki.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi mkubwa. Mama alisema sentensi moja tu: "Nilikupa mashine, wewe umenirudishia deni." Baada ya hapo maneno yakapungua. Chakula kilipikwa, salamu zilijibiwa, lakini kila Jumamosi mama alipotoka kwenda kupeleka marejesho ya kikoba, binti alijifanya amelala.

Simu kutoka Muscat

Kilichoishusha mashine kabatini ni simu ya mama mdogo, aliyeolewa Muscat, Oman. Mwanawe wa kike alikuwa anaolewa. Katika mji huo wapo watu wengi wenye asili ya Zanzibar ambao Kiswahili bado ndiyo lugha yao ya nyumbani, na harusi zao huwa na ukumbi wa wanaume na ukumbi wa wanawake. Ukumbi wa wanawake mwanamume haingii, hata awe fundi wa spika.

"Dada, kila kitu nimepata," alisema kwenye simu. "Mpishi nimepata, mpaka hina nimepata. DJ mwanamke anayejua nyimbo zetu ndiye sijampata. Nipe mtoto. Tiketi ninalipa mimi na ujira wake atapata."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo binti hakulitarajia: "Na hiyo mashine ataileta vipi?"

Jioni ile aliishusha mwenyewe. Akaiweka mezani chini ya taa, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akauliza begi la Mwanza lilipangwa vipi. Binti akaeleza: taulo, nguo, chaja, viatu. Mama akaomba chaja. Ilikuwa ile ya zamani, nzito kama nusu tofali. Akaigeuza, akaiweka kona yake juu ya ufa. Ikakaa sawasawa.

"Hapa hakuna mtu aliyekurushia begi," alisema. "Hii umeivunja mwenyewe, tangu hapa nyumbani."

Kwa miezi mitano binti alikuwa amewalaumu wapakiaji wa mizigo. Hakuwa amefikiria kwamba begi likigeuzwa hata mara moja, chaja iliyolazwa juu ya mashine inageuka kuwa nyundo.

Somo la glasi

Mama alikuwa na sababu ya kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akivuka bahari kwenda Zanzibar kununua vyombo, glasi na birika za chai, akavirudisha Dar es Salaam kwa boti na kuviuza mtaani. Safari ya kwanza alipoteza boksi zima. Mama mmoja mtu mzima waliyekutana bandarini Malindi ndiye aliyemfundisha. Ukishafunga mzigo wako, alimwambia, uinue na uutikise karibu na sikio. Ukitikisa ukasikia sauti, hujafunga.

Maana yake ni rahisi. Boksi kuanguka si lazima kuvunje glasi. Glasi huvunjika pale inapopata nafasi ya kutembea ndani ya boksi na kugonga kitu kingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa nafasi, na kazi ya pili ni kuhakikisha kitu kigumu hakilali na kitu kinachovunjika.

Siku iliyofuata walimwita jirani yao, kijana anayepakia mizigo uwanja wa ndege. Aliketi kwenye mkeka, akanywa chai, akaeleza mambo ambayo abiria hawayaoni. Mizigo hupita kwenye mikanda inayopanda na kushuka, huangukia pembe, hupangwa mmoja juu ya mwingine, na ndege haina muda mrefu wa kukaa chini. Kibandiko cha glasi husaidia kidogo, alisema, lakini begi lako linaweza kuwa chini ya mengine kumi na hakuna anayekiona. "Lifunge kama vile hakipo."

Aliwaambia pia kuhusu uzito. Katika safari nyingi za kimataifa za daraja la kawaida, begi moja la chini huruhusiwa kilo 23, na mashirika mengi hayapokei begi linalozidi kilo 32 hata ukilipia, kwa sababu ya migongo ya watu kama yeye. Begi la mkononi mara nyingi ni kilo 7, na urefu wake ni sentimita 55 hivi.

Hapo ndipo mpango wa binti ulipovunjika. Alitaka kuingia na kontrola mkononi, lakini ina urefu wa sentimita 66. Mpango wake wa pili ulikuwa sanduku la mbao lenye kona za chuma, kama yale ya bendi kubwa. Alikwenda kwa seremala akakuta sanduku lililo tayari lina kilo 15. Ukiweka mashine ya kilo sita, waya na stendi ya kompyuta, kilo 23 zimekwisha kupita. Masanduku yale yanafaa kwa wanaosafiri kwa lori. Kwa abiria mwenye begi moja, wakakubaliana, ni sanduku jepesi la plastiki ngumu, na nguvu nyingine itoke ndani.

Sponji na siri

Walifanya kazi siku mbili. Sponji laini ya godoro mama aliikataa. Aliibonyeza kwa dole gumba, ikazama mpaka chini. "Hii ni ya mgongo, si ya chombo." Wakanunua vipande vya sponji ngumu, wakavikata kwa kisu kirefu kufuata umbo la mashine, wakaacha unene wa vidole vitatu kila upande. Fundi wa mabango aliwakatia kipande cha plastiki ngumu kiwe kifuniko, na mama akasisitiza kwamba kifuniko kikae juu ya kingo za sponji, kisiguse vishikio hata kidogo. Kishikio kikibanwa kutoka juu safari nzima, alisema, kitapinda hata kama sanduku halijaanguka.

Waya zikapewa mfuko wake, upande wa pili wa sanduku. Nafasi iliyobaki wakaijaza doti sita za khanga, zawadi ya bibi harusi. Dada mtu alitamani kumtumia mdogo wake dagaa na mchele wa Mbeya, lakini safari hii alijizuia.

Ilipofika kushona mfuko wa sponji, cherehani ya mama ilikwama. Ni ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, na kitambaa kilikuwa kizito.

"Ningekuwa na ile mpya ingekuwa kazi ya dakika tano," mama aligugumia.

"Ipi mpya, mama?"

Mama akaendelea kuchomoa uzi uliojikunja. "Ile niliyowaambia wenzangu kwamba naikopea."

Ndipo binti alipojua. Kikoba kile hutoa mkopo kwa mradi unaotajwa mbele ya wanachama wote, na mama aliona haya kusimama na kusema anakopa ili binti yake apige muziki wa harusi usiku. Akasema cherehani ya umeme. Kwa mwaka mzima amekuwa akipeleka marejesho ya cherehani isiyokuwepo, huku wenzake wakimuuliza lini watakuja kuiona. Mashine ilipovunjika Mwanza, kilichomuuma zaidi ya fedha ni kwamba aliona amesema uongo kwa ajili ya kitu kilichofungwa kwenye taulo.

Binti hakujibu. Alishika upande wa pili wa kitambaa akaanza kukivuta polepole ili sindano ipite.

Cha mkononi na cha chini

Usiku wa kufunga, mama alitandika mkeka na kuweka kila kitu juu yake. Kwa kila kimoja aliuliza swali lilelile: "Hiki kikikosekana, shughuli ipo au haipo?" Kama haipo, kilikwenda kwenye begi la mgongoni.

Kwa hiyo mgongoni ilikwenda kompyuta mpakato, flashi mbili zenye nyimbo zote, hedifoni, kadi ndogo ya sauti, waya wa kuunganisha na spika za ukumbi, na maiki moja. Nyimbo zilikuwa mahali patatu: ndani ya kompyuta na katika kila flashi, na flashi moja ilikaa kwenye pochi.

Pawabanki nayo ilikwenda mgongoni, ila kwa sababu nyingine. Binti alikuwa ameshaisukuma pembeni ya mashine, jirani akaiona na kuitoa. Betri za akiba za lithiamu na pawabanki hazitakiwi kabisa kwenye mizigo ya chini. Zikishika moto ndani ya kabini, wahudumu wanaziona na kuzishughulikia. Chini kwenye mizigo ni vigumu kuufikia moto huo. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 kwa kila moja, na kuanzia hapo hadi 160 ni lazima kibali cha shirika la ndege. Kujua yako ina ngapi si kazi: zidisha mAh kwa volti, gawa kwa 1,000. Yake ilikuwa ya mAh 20,000 na volti 3.7, yaani Wh 74. Ikapita.

Mwisho binti alipiga picha ya kila kitu, na namba ya mashine iliyoandikwa nyuma, akaweka nakala ya risiti. Picha hizo ni ushahidi kama kitu kitapotea, na wakati wa kurudi zinamsaidia kumwonyesha ofisa wa forodha kwamba mashine ilitoka nayo nchini, haikununuliwa nje. Mama akaongeza karatasi moja juu ya sponji: picha ya sanduku lilivyopangwa, ili mkaguzi akilifungua alirudishie vilevile.

Kisha wakalifunga. Kilo 17. Mama akaliinua kwa mikono miwili, akalitikisa karibu na sikio. Halikutoa sauti.

Mkanda ukasimama

Tiketi iliyonunuliwa ilikuwa ya bei nafuu, yenye kubadilisha ndege njiani, na kati ya ndege moja na nyingine ilikuwa saa moja na dakika kumi. Jirani alikuwa ameonya: abiria anaweza kukimbia, begi haliwezi. Lakini tiketi ilikuwa imeshalipwa.

Binti alitua Muscat Alhamisi usiku. Alisimama kwenye mkanda wa mizigo hadi ukasimama. Sanduku halikuja. Usiku wa hina ulikuwa kesho yake.

Hakutoka nje. Jambo hilo pia alikuwa ameambiwa. Alikwenda kwenye dawati la mizigo na kujaza fomu ya taarifa, akaonyesha kijikaratasi cha begi na picha, akaondoka na nakala yenye namba. Haki za abiria katika safari ya kimataifa zinalindwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Oman zote ni wanachama. Malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku saba tangu ulipopokewa, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Fidia ina kikomo: tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, takriban dola 2,000 za Marekani, isipokuwa kama abiria alitangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia pale inapotakiwa. Wasafiri wengi hawajui hata kwamba nafasi hiyo ipo.

Ijumaa usiku ukumbi ulijaa udi na kina mama waliovaa wakapendeza. Binti aliweka kompyuta juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akaunganisha kadi ya sauti na mikisa ya ukumbi, akapiga muziki kwa kubonyeza kibodi. Hakukuwa na sahani ya kuzungusha. Aliingiza nyimbo taratibu, moja ikififia nyingine ikipanda, akachagua taarabu ndefu ambazo hazidai haraka. Mara mbili alikosea, akasikia joto usoni. Kati ya wageni hakuna aliyegeuka. Mama mdogo alicheza mpaka mtandio ukaanguka.

Sanduku lililetwa Jumamosi mchana, na pembe moja ilikuwa imekwaruzika vibaya. Binti alilitikisa kabla ya kulifungua. Kimya. Ndani, karatasi ya mama ilikuwa juu, imekunjwa tofauti na alivyoikunja yeye: kuna mtu alikuwa ameifungua, akatazama picha, na kurudisha kila kitu mahali pake. Aliacha mashine ipumzike saa nzima ili izoee joto la chumba, isije ikawa na unyevu ndani, ndipo akaiwasha. Taa zote zikawaka. Jumapili, kwenye harusi yenyewe, aliipiga mpaka saa saba usiku, na kina mama wa Muscat wakamtunza riali moja moja kwenye sinia.

Cherehani inayopiga singeli

Aliporudi alimkabidhi mama fedha za marejesho yaliyobaki. Mama alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga. Jumamosi hiyo binti hakujifanya amelala. Alivaa, akaenda naye.

Mama aliweka fedha mezani, kisha akabaki amesimama. Akawaambia wenzake kwamba mkopo umekwisha, na kwamba haukuwa wa cherehani.

Palikuwa kimya. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama kwa muda.

"Sisi tulishangaa," alisema hatimaye. "Cherehani gani hiyo inayopiga singeli mpaka saa tano usiku?"

Walicheka, lakini walimtoza faini ya Sh20,000 kwa kusema uongo mbele ya kikao, kama katiba yao inavyotaka. Mama alitoa elfu kumi. Binti akatoa elfu kumi nyingine.

Siku hizi mashine haikai juu ya kabati. Imo ndani ya sanduku lake, kwenye sponji yake, chini ya kitanda cha mama. Binti akipata shughuli, iwe ya ndege au ya bajaji hadi Mbagala, mama hulivuta sanduku kwanza, akaliinua na kulitikisa karibu na sikio, ndipo humruhusu kuondoka.